Maji Yalipungua Siku Ileile: Barua ya Wazi kwa Mafundi Bomba wa Dar es Salaam

KWA: Mafundi bomba wa Dar es Salaam, wenye vyeti na wasio navyo
NAKALA: Wakufunzi wa ufundi bomba, VETA
YAH: MAJI KUPUNGUA NGUVU BAADA YA NYUMBA KUBADILISHIWA MABOMBA

Ndugu mafundi,

Barua hii inaanzia Sinza, ingawa ingeweza kuanzia Kijitonyama, Magomeni au Ilala. Nyumba nyingi za huko zina umri wa miaka hamsini au karibu na hapo. Sinza na Kijitonyama zilipimwa viwanja miaka ya 1970 kwa mradi uliopata fedha za Benki ya Dunia. Mabomba ya mwanzo ya nyumba hizo ni ya chuma, yamefukiwa ukutani, na kwa umri huo kutu imeshayala ndani na nje. Mwenye nyumba akichoka kupaka rangi juu ya madoa ya unyevu, anaita fundi. Ukuta unachimbwa mifereji, chuma kinatolewa vipande vipande, plastiki ya kijani ya PPR inaingia, saruji inarudi, vigae vipya vinapigwa. Kazi inapendeza. Inafika siku ya kufungulia maji, watu wamejazana mlangoni mwa bafu, na shawa mpya inayong'aa inatoa nyuzi chache za maji zinazoteremka wima huku zikiambaa na ukuta.

Fundi anazungusha koki. Anagonga bomba kwa mpini wa spana. Kisha anasema maneno ambayo karibu kila mkazi wa jiji hili ameshayasikia: "Bosi, hiyo ni presha ya mtaa tu. Usiku itakaa sawa."

Usiku haikai sawa.

Kuulaumu mtaa kuna msingi wake, tena mkubwa. Dar es Salaam inaishi kwa Mto Ruvu. Mtambo wa Ruvu Juu ulianza mwaka 1959 na wa Ruvu Chini mwaka 1976. Baada ya upanuzi, uwezo wao ni lita milioni 196 na lita milioni 270 kwa siku. Mto ukipungua, jiji zima linajua, kama ilivyokuwa Oktoba na Novemba 2022, wakati mgao wa maji ulipofanya madumu ya njano yapange foleni hata kwenye mitaa yenye mageti ya umeme. Lakini presha ya mtaa haina habari na ukarabati wa nyumba ya mtu. Ikiwa bomba la uani kwa jirani linatoka vizuri leo kama lilivyotoka mwezi uliopita, na maji ya nyumba hii yamepungua siku ileile mabomba yalipobadilishwa, mshtakiwa yuko ndani ya ua. Mita ndiyo mpaka: nyuma yake ni kazi ya mamlaka ya maji, mbele yake ni kazi ya mwenye nyumba na fundi wake.

Tena nyumba nyingi za jiji hili haziogi presha ya mtaa hata kidogo. Maji ya mtaa yanapanda kwenye simtanki, na kutoka hapo yanashuka bafuni kwa uzito wake yenyewe. Mtaa ukiwa na presha kubwa au ndogo, kinachobadilika ni muda wa tanki kujaa tu. Shawa haiambiwi.

Ombi la barua hii ni moja, na linasemwa mapema ili atakayechoka njiani awe ameshalisikia: kazi ya kubadilisha mabomba isihesabiwe kuwa imekwisha kwa sababu hakuna kinachovuja. Ihesabiwe kuwa imekwisha baada ya maji kupimwa kwa ndoo na saa, mwenye nyumba akishuhudia, kabla kigae cha kwanza hakijabandikwa. Sababu za kuomba hivyo ziko ndani ya bomba lenyewe.

Chanzo cha kwanza cha maji kupungua kinaanzia dukani Kariakoo. Mteja akiomba bomba la nusu inchi anapewa PPR ya milimita 20. Akiomba robo tatu anapewa ya milimita 25, na akiomba inchi moja anapewa ya milimita 32. Biashara imezoea hivyo na hakuna anayebisha. Tatizo ni kwamba milimita hizo za PPR zinapimwa nje ya bomba, ilhali maji yanapita ndani, na plastiki ina ukuta mnene kuliko chuma. Bomba la chuma la nusu inchi lina uwazi wa ndani wa takribani milimita 16. PPR ya milimita 20 ya daraja la PN20 ina ukuta wa milimita 3.4 kila upande, hivyo maji yanaachiwa milimita 13.2. Eneo la kupitia limepungua kwa theluthi. Kwenye robo tatu hali ni mbaya zaidi: chuma kilikuwa na kama milimita 21 na nusu, PPR ya milimita 25 inabakiza 16.6, na asilimia 40 ya njia imepotea pale kaunta, kabla ganda la saruji halijapasuliwa.

Fundi akizipanga namba hizo ataona jambo lililonyooka kabisa. PPR ya milimita 25 ndiyo inayolingana na chuma cha nusu inchi, na ya milimita 32, yenye uwazi wa milimita 21.2, ndiyo inayolingana na robo tatu. Kila kitu kinasogea saizi moja. Wapo mafundi wanaolijua hilo kwa uzoefu na hununua saizi ya juu bila kuambiwa. Wapo pia wanaobadilisha nusu kwa nusu kama dukani wanavyosema, kisha wanashangaa.

Atajitokeza wa kusema kwamba plastiki ni laini ndani na haishiki maji kama chuma. Ni kweli, na kwenye bomba refu lililonyooka ulaini huo unarudisha sehemu ya kilichopotea. Bomba la zamani lililojaa vinundu vya kutu linaweza kabisa kushindwa na PPR nyembamba. Ndiyo maana nyumba mbili za mtaa mmoja, zilizobadilishiwa mabomba na fundi yuleyule, zinaweza kutoa majibu mawili: moja ilikuwa na chuma kilichoziba, ikafurahi, ya pili chuma chake kilikuwa bado kizima, ikapoteza. Jambo jingine, ambalo wauzaji hawalisemi sana, ni daraja la bomba. PN20 imetengenezwa kuvumilia presha kubwa na maji ya moto. Laini ya maji baridi inayoshuka kutoka kwenye tanki la uani haifiki hata bar 1. Kwa laini ya namna hiyo PN10 ina nguvu za kutosha na ziada, na ukuta wake mwembamba unaacha milimita 16.2 kwenye bomba lilelile la milimita 20. Kwenye maji ya moto, hapana. Huko PN20 ibaki.

Chanzo cha pili ni mkono wa fundi mwenyewe, na hapa barua inaomba isamehewe kwa kusema wazi.

Mashine ya kuchomea PPR inafanya kazi kwenye nyuzi joto 260. Bomba la milimita 20 linahitaji kupashwa sekunde 5, la milimita 25 sekunde 7, la milimita 32 sekunde 8. Linaingia kwenye kiungio kwa kina cha kama milimita 14 kwa lile dogo, na fundi makini huweka alama ya penseli kabla ya kupasha. Sekunde hizo ni chache mno kwa mtu anayezungumza na simu begani. Bomba likikaa kwenye moto mara mbili ya muda wake, au likisukumwa kwa nguvu kupita alama ili "lishike vizuri", plastiki iliyoyeyuka haina pa kwenda isipokuwa ndani. Inajikunja na kuganda kwa umbo la pete.

Anayetaka kuiona pete hiyo achukue elbo iliyotolewa kwenye kazi ya ovyo na kuipasua kwa urefu kwa msumeno wa chuma. Nje inavutia: mikunjo miwili ya kijani, mviringo safi, hakuna tone. Ndani, pale bomba linapokutana na elbo, kuna ukingo mnene, wenye upande mmoja mkubwa kuliko mwingine, na mara nyingi una kidole kidogo cha plastiki kilichoning'inia katikati ya njia. Ukingo wa milimita 2 kuzunguka bomba la 13.2 unaacha milimita 9.2. Hiyo ni chini ya nusu ya njia. Kila elbo ina viungo viwili, kila tii ina vitatu, na bafu la kawaida lina elbo na tii nyingi kuliko mwenye nyumba anavyodhani.

Kipimo cha kuvuja hakiwezi kuiona pete hiyo. Fundi anayejiheshimu huziba ncha zote, hufunga pampu ya mkono, hupandisha presha hadi juu kabisa na kuangalia sindano ya geji kama inashuka. Ni kipimo kizuri na barua hii haisemi kiachwe. Lakini maji yaliyosimama hayajali upana wa njia. Elbo iliyozibwa kwa robo tatu na elbo safi zote zitasoma presha sawa, na nyumba iliyochomewa ovyo itafaulu mtihani huo kwa alama zote. Upungufu unajitokeza maji yanapotembea tu, na siku yanapotembea vigae vimeshapigwa.

Kona zenyewe, hata zikichomewa kwa ustadi, zina gharama yake. Kwa hesabu za wahandisi, elbo moja ya nyuzi 90 inayapunguza maji kama bomba lililonyooka lenye urefu wa mara 30 ya uwazi wake. Kwenye PPR ya milimita 25 hiyo ni nusu mita. Elbo kumi ni mita 5 zilizoongezwa bila kuonekana. Bomba lililofuata ukuta, likapanda juu ya mlango, likashuka, likazunguka nguzo, linaweza kuwa refu maradufu ya lile lionekanalo machoni. Stopkoki ya kuzungusha iliyozamishwa ukutani, ile yenye kofia ya kung'aa ambayo siku hizi kila bafu lazima liwe nayo, ni mbaya kuliko kona zote: maji yanapanda na kushuka ndani yake, na hesabu yake ni mara 340. Kwenye bomba hilohilo ni zaidi ya mita 5 kwa koki moja. Boli valvu yenye tundu pana, ikifunguliwa yote, haifiki hata sentimita 10. Kwenye maji ya mtaa yenye presha nzuri tofauti hiyo hupita bila kutambuliwa. Kwenye maji ya tanki inaweza kuwa ndiyo kesi nzima.

Tanki linastahili kuzungumziwa kidogo, maana hapo ndipo mafundi wengi na wenye nyumba wote hupotea pamoja. Kila mita 10 za kimo cha maji zinatoa takribani bar 1. Chukua kiti cha tanki cha mita 4, ambacho kwa nyumba ya kawaida si kifupi. Shawa iko mita 2 na kitu juu ya sakafu. Tanki likikaribia kwisha, kimo kinachoisukuma shawa hakifiki mita 2, sawa na chini ya bar 0.2. Tanki likiwa limejaa, zaidi ya mita moja ya maji inaongezeka juu ya hapo, ndiyo maana kuna nyumba ambazo wa kwanza kuoga anafurahia na wa mwisho analalamika, na wote wawili wanasema kweli. Kwenye ghorofa balaa linageuka: bafu la chini, lililo mbali zaidi na tanki, linatoka kwa nguvu, na la juu, lililo karibu na paa, linadondosha.

Kwenye bar 0.2 hakuna cha kupoteza. Valvu ya kuzuia maji yasirudi, ile yenye springi, inahitaji nguvu kidogo ili ifunguke. Kwenye presha ya mtaa nguvu hiyo si kitu, kwenye tanki ni mgawo unaoonekana. Ikifungwa kinyume cha mshale wake, maji hayaji kabisa, na hilo hutokea. Kiungio cha kutokea kwenye tanki kikiwa cha nusu inchi, eti kwa sababu ndicho kilichokuwapo dukani, laini yote ya milimita 32 inayofuata ni mapambo.

Kuna jambo la tatu linalofanyika siku hiyohiyo ya ukarabati na halipewi lawama linazostahili. Pamoja na mabomba, mwenye nyumba amebadilisha pia koki. Zile za zamani za kuzungusha, zenye mpira ndani na mdomo mpana, zimetupwa. Mahali pake imekuja miksa ya mkono mmoja, imetoka Dubai au Guangzhou, ina ndani yake katriji yenye vitundu vidogo na mdomoni kichujio cha kuchanganya hewa. Koki nyingi za namna hiyo zimesanifiwa kwa nyumba za ghorofa zenye pampu, kwa presha ya kama bar 3. Maji yanayopita kwenye tundu lisilobadilika hufuata kipeuo cha pili cha presha: miksa inayotoa lita 12 kwa dakika kwenye bar 3 itatoa kama lita 3 kwenye bar 0.2. Haina ubovu wowote. Imepelekwa pasipo pake. Fundi anayeiona miksa hiyo mezani kabla ya kufunga ana wajibu wa kuuliza kiti cha tanki kina mita ngapi, hata kama mama mwenye nyumba ameshaipenda.

Takataka nazo zina sehemu yake, lakini hizo ni rahisi. PPR iliyokatwa kwa msumeno badala ya mkasi wake inaacha chenga. Nyuzi za katani na vipande vya tepu nyeupe vinaingia ndani ya tredi. Mchanga unaingia kwenye ncha zilizoachwa wazi usiku. Pale sehemu ya mabomba ya chuma ilipobakizwa ili kupunguza gharama, nyundo na kutikiswa vinabandua kutu iliyokuwa imetulia miaka mingi. Vyote hivyo vinasafiri hadi mahali pembamba pa kwanza: wavu wa angle valvu chini ya sinki, kichujio cha mdomo wa koki, uso wa shawa, tundu la boya la choo. Dawa yake ni kuyaacha maji yakimbie kutoka ncha zote kabla ya kufunga koki yoyote, na kazi hiyo haihitaji zaidi ya ndoo na subira.

Hewa ni hadithi nyingine. Bomba linalotoka kwenye tanki, likapanda juu ya fremu ya mlango, kisha likashuka bafuni, lina kilima ambacho hewa itakalia. Koki inakohoa, inatema, inatulia kabisa. Kwenye presha kubwa hewa ingesukumwa. Kwenye presha ya tanki inakaa. Mafundi wazoefu huchukua mpira safi, huunganisha koki ya uani inayopata maji ya mtaa moja kwa moja na ile koki iliyokufa, hufungua zote mbili, na hewa inarudishwa juu hadi ndani ya tanki kwa mlio unaosikika uani. Wanaopenda kazi idumu huweka pia bomba dogo la kupumulia karibu na tanki, ncha yake ikiwa juu kuliko ukingo wa tanki, na kwenye mchoro mpya wanaondoa kile kilima.

Sasa, nyumba ikishakamatwa na tatizo hili, utafutaji uanzie kwenye cha bei ndogo. Ndoo ya lita 10 na saa ya simu vinatosha. Ipimwe koki iliyo karibu kabisa na tanki, ipimwe ya jikoni, ipimwe ya bafu la mbali. Ndoo ikijaa kwa dakika moja, hiyo ni lita 10 kwa dakika, na kwa bafu la kawaida hakuna wa kulalamika. Koki ya kwanza ikiwa dhaifu, ugonjwa uko tankini au kwenye valvu yake. Geti valvu za shaba za bei nafuu zina tabia ya ulimi kukatika ndani: gurudumu linazunguka kwa raha, ulimi umebaki chini, na hakuna kitu kwa nje kinachoonyesha. Koki ya kwanza ikiwa nzuri na ya mwisho mbaya, tatizo limejificha katikati.

Kisha ifunguliwe shawa peke yake, halafu mtu mwingine afungue jikoni. Shawa ikifa hapohapo, bomba wanalochangia ni dogo. Ikibaki vilevile katika udhaifu wake, kizuizi kiko kwenye tawi lake yenyewe. Ukifunguliwa uso wa shawa na maji yakamwagika kwa wingi, hakuna haja ya kugusa ukuta. Maji ya moto yakiwa dhaifu na ya baridi mazuri kwenye miksa ileile, zichunguzwe heta na valvu ya usalama iliyo kwenye mdomo wake wa kuingilia. Yote haya ni kazi ya saa chache, na yanatangulia patasi.

Badala yake, kinachopendekezwa mara nyingi ni pampu. Pampu ina mahali pake. Kwenye nyumba ya ghorofa yenye tanki fupi hakuna njia nyingine. Lakini pampu inayowekwa ili kushinda elbo zilizoungua ni malipo ya kila mwezi kwa kosa la siku moja. Upinzani wa bomba unapanda karibu na mraba wa mwendo wa maji: kuongeza maji mara mbili kupitia njia ileile kunahitaji presha karibu mara nne. Umeme ukikatika, bafu limekatika. Na pampu inayofungwa moja kwa moja kwenye laini ya mtaa, jambo ambalo mamlaka za maji hulikataza, inavuta maji ya majirani na, palipo na tundu kwenye bomba la barabarani, inavuta na tope lililolizunguka.

Mafundi hawako peke yao kwenye kizimba. Mwenye nyumba anayepokea bei tatu na kuchagua ya chini bila kuuliza kipenyo ameshachagua milimita 20. Anayetaka mabafu manne, jakuzi na heta tatu kwenye laini moja, tena bila kuongeza hata tofali kwenye kiti cha tanki, anaomba muujiza. Na anayemharakisha fundi kwa sababu fundi vigae ameshafika anachangia kuichoma ile elbo ya mwisho sekunde nyingi kuliko inavyostahili.

Mwaka 1940 Roy Hunter wa ofisi ya taifa ya viwango ya Marekani alichapisha njia ya kukadiria maji yanayohitajika kwenye jengo kwa kuzingatia kwamba si koki zote hufunguliwa kwa wakati mmoja. Hesabu zake ziliingia kwenye kanuni za ufundi bomba za nchi nyingi. Kwa nyumba ya vyumba vitatu hesabu ndefu haihitajiki: inatosha kujiuliza nini hutokea saa kumi na mbili asubuhi. Mtu yuko bafuni, choo kinajaa, jikoni kuna anayeosha vyombo. Bomba kuu libebe hayo matatu. Shawa ipewe laini yake ya peke yake kutoka tankini panapowezekana, na matawi yawe ya milimita 25, yasishuke hadi 20 isipokuwa kwenye kipande kifupi cha mwisho.

Kwa wakufunzi wa VETA waliopewa nakala, ombi ni dogo. Mafundi wengi walijifunza kazi hii mifereji ikichimbwa, wakiwa vibarua wa mafundi waliowatangulia, na mpango wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi unawafikia watu hao hasa. Mtahini anapokwenda kumwona mtu wa namna hiyo kazini, abebe msumeno na ndoo. Kiungio kimoja cha mtahiniwa kipasuliwe mbele yake, aione pete yake mwenyewe. Kisha laini aliyoifunga ipimwe kwa lita na dakika, na namba hiyo iingie kwenye alama pamoja na ile ya kuvuja.

Kwa mafundi, makubaliano yanayopendekezwa ni ya karatasi moja. Kabla ya kuvunja ukuta, fundi na mwenye nyumba wapime kila koki kwa ndoo na kuandika namba. Mabomba yakishafungwa na kabla ya plasta, wapime tena kwenye ncha zilezile, tanki likiwa kwenye kimo kilekile, na fundi apige picha ya mabomba kwa simu pamoja na futi iliyolazwa ukutani, ili anayekuja baada yake asichimbe kwa kubahatisha. Namba za pili zikiwa chini ya za kwanza, ukuta bado uko wazi na elbo mpya si gharama ya kumvunja mtu. Fungu la mwisho la malipo litolewe hapo, siku ya ndoo, si siku ya vigae. Fundi atakayekataa sharti hilo aseme sababu kabla ya kupokea pesa ya vifaa. Na mwenye nyumba atakayeona namba nzuri kisha aanze kutafuta visingizio vya kubakiza hilo fungu, naye alipe palepale, kwa kuwa namba ameziandika kwa mkono wake.